Neno la Mwisho la Bibi Sabela

Fridley, Minnesota
18 Februari 1996

Mpendwa Mama mdogo Brigitha,

Shikamoo. Mgongo umekuachia kidogo? Babu na watoto hapo Tanga hawajambo? Sisi tu wazima wa mwili, ila mama hana raha.

Yule bibi wa Kihispania niliyekuandikia habari zake, aliyekuwa kwenye nyumba ya wazee Maplewood anakofanya kazi mama, amefariki. Alikuwa mtunzi wa riwaya za kihistoria. Ya kwanza ilimhusu malkia aliyefungwa na mwanawe mwenyewe. Serikali yao ikaipiga marufuku, naye akakimbilia Meksiko. Huko aliandika nyingine nyingi, kwao zikasomwa kwa kificho. Ruhusa ya kurudi ilipotoka, wasomaji walishahamia kwa waandishi vijana. Akaja kufundisha chuo huku, akazeekea huku.

Jumamosi nilikuwa namsomea vitabu vyake kwa Kihispania changu cha shule. Unanijua, mbele ya watu sisemi. Lakini yeye alinicheka mpaka nikazoea. "Umemuua tena malkia wangu," ananiambia nikikosea kutamka.

Mwezi uliopita kiharusi kilimchukulia Kihispania chote. Akabaki na lugha ya utotoni, Kigalisia, na neno moja analolirudia. Mama akalisikia kama neno letu la Kiswahili: gereza. Akamshika mkono, akambembeleza kwa Kiswahili, "Hapana, bibi, hapa si gereza. Nani akufunge wewe?" Bibi analia, mama naye analia. Tulidhani amejiona yule malkia wake.

Baada ya mazishi alikuja binti wa dada yake kuchukua vitabu. Nikajikaza, nikamwuliza. Akasema neno ni igrexa, hutamkwa "igresha". Ni kanisa. Alikuwa anaomba kanisa, Mama mdogo, na padri anakaa jirani tu pale.

Sijamwambia mama. Akirudi kutoka kazini husema angalau alimtoa bibi hofu ya gereza, ndipo chakula kinapita. Nikimwambia nitamvunja. Nikinyamaza, namwona bibi anavyonitazama.

Naomba nawe usimwambie. Ila Jumapili mwombeeni bibi misa hapo parokiani, na padri alitaje jina lake lote: Sabela Outeiro. Mama akiuliza, sema Leah alimpenda tu.

Nisalimie Babu, kaka Valerian na dada Joan. Mungu awafunike nyote.

Mwanao akupendaye hata akiwa kimya,
Leah