Hoteli Inayouza Ukimya

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Na mama, magoti yanamwendeaje? Mimi ni mzima, ila usingizi umenipaa. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utacheka na kunikatiza, kama kawaida yako.

Unaikumbuka hoteli yetu hii ya uwanja wa ndege ilivyokuwa: mazulia yananuka, chai ya vuguvugu, na kila ndege ikiruka vikombe vinacheza mezani. Alilala hapa aliyeachwa na ndege tu, tena kwa hasira. Siku hizi hata watu wa mjini wasio na safari yoyote wanakuja kulala. Madirisha yamewekwa vioo vizito, hayafunguki. Milango imezibwa mipira pembeni, na sisi wafanyakazi tunavaa soksi nene juu ya viatu, utadhani tunakwenda kuiba. Meneja anasema tunauza ukimya.

Lakini mvuke wa bafuni ulikuwa ukiamsha kengele za moto. Wageni wakalalamika, meneja akaamuru zizimwe. Mimi, fundi umeme wake, nilikataa. Akaita fundi wa nje, naye akazizima. Sasa ghorofa ya juu nasikia harufu ya waya unaoungua ndani ya ukuta. Nilipomweleza alinishika bega, akasema nimechoka, halafu akanipa chumba cha familia bure, ili mama apumzike kabla ya kusafiri kwa matibabu.

Dada, chumba ulichonishukuru hadi ukalia si zawadi. Ni cha kunifunga mdomo, na kiko ghorofa hiyo hiyo.

Jana mchana nilibonyeza kitufe cha hatari makusudi, nikasubiri. Kimya. Mlango mmoja tu ulifunguka, mgeni akalalamika kwamba natembea kwa kishindo. Nilipomuuliza kukiwaka moto atajuaje, aliniomba nipunguze sauti, mkewe amelala. Niliogopa, dada, sikufichi.

Usimlete mama hapa. Laleni kwenye viti vya uwanjani, nitawaletea mablanketi. Kesho nakwenda kwa watu wa zimamoto kusema yote, na kazi najua ndiyo imekwisha.

Wabusu watoto, mpe shemeji salamu zake. Mama usimtie hofu. Mwambie tu chumba kimepata mtu mwingine. Akininunia, sawa. Aninunie akiwa hai.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, fundi