Dari la Nyumba ya Tegesha

Baba Robi,

Nimekupigia simu mpaka nimechoka, na yule dada wa mtandao anazidi kuniambia hupatikani. Basi nakuandikia wazi. Dereva wa Noah ya abiria amekubali kuifikisha barua hii Sirari na kuisoma kwa sauti pale wanapobadilishia pesa, mahali unaposhinda siku hizi umevaa miwani ya jua. Usijifanye humjui anayesemwa. Ni wewe, mwanamume uliyejenga nyumba ili ivunjwe, ikakataa kuvunjwa.

Ulimtuma baba yako mdogo aje kuchukua ng'ombe wa mahari ya dada yako Boke, ili ukamtolee mahari huyo bibi wako mpya. Jibu limo humu humu. Lakini utanisikiliza kwanza, maana uliondoka bila kuaga na mimi maneno yamenijaa.

Unaikumbuka nyumba yetu ya nyasi? Tulizikata wenyewe kule bondeni, wewe ukapanda juu, mimi nikakurushia matita kutoka chini, na kila tita ulilolikosa ulisema nimerusha vibaya. Kuta za udongo nene, mlango mdogo. Jua la mchana likichoma huko nje, ndani kulikuwa na ubaridi wa maji ya mtungini. Mvua ikinyesha tuliisikia kwa mbali, kama inanyesha kwa jirani. Siku moja ulilala chali, Robi akiwa kifuani kwako, ukasema, "Mama Robi, hapa uzee utatukuta tumelala." Nilikupenda siku ile. Nalisema bila aibu, kwa sababu mtu yule alikuwa na akili.

Kisha dhahabu ikawapanda watu kichwani. Kijiji chetu kizima cha Nyangoto kikaambiwa mgodi unapanua eneo, wathamini wanakuja, kila chumba kitalipwa fidia. Jamani! Watu ambao hawajawahi kujenga hata banda la mbuzi wakawa mafundi. Zikaota nyumba za tegesha kila kona, nyumba za kutega fidia, hazina jiko wala choo, zinasubiri kupigwa picha tu. Na wewe ukarudi nyumbani na futi kamba shingoni ukijiita mjanja.

"Nyasi hazina bei," ukaniambia. "Bati lina bei."

Ukaing'oa ile nyumba wiki hiyo hiyo. Mama yako alitoa kigoda chake, akakaa uani akiangalia nyasi zikiteremka. Ukajenga vyumba vingi mfululizo kama vibanda vya kuku. Robi akilala, kichwa kinagusa ukuta huu na miguu inagusa ule. Mabati ukachagua yale mepesi kabisa, ukiyabonyeza kwa kidole yanaingia ndani. Ukuta wa mbele ukaupiga plasta na rangi ya njano, wa nyuma ukauacha na matofali yake mabichi, eti wathamini watasimama barabarani. Ukachomeka na miche ya kahawa ili nayo ilipwe, imebanana kama watu kwenye foleni.

Nikakuuliza swali moja tu. "Na dari?"

Ulicheka mpaka ukashika mwimo wa mlango, nao ukatikisika. "Nani anaweka dari kwenye nyumba ya kubomolewa? Tukilipwa tunahamia Tarime mjini, nyumba ya vigae!"

Wathamini wakaja. Ukavaa koti juani, mwanamume mzima, ukasimama mbele ya ukuta wako wa njano kama bwana harusi. Wakaweka alama nyekundu kwa jirani, wakaweka kwenye jiko la jirani, wakafunga daftari zao. Mpaka wa mgodi ukaishia hapo. Gari lao likaja kugeuzia uani kwetu, likakanyaga kahawa yako yote. Ukalipungia mkono! "Watarudi," ukasema. Ulisema hivyo kiangazi kizima, kisha ukaenda Sirari "kufuatilia." Lo! Fidia ya Nyangoto inafuatiliwa mpakani, kwa mwanamke anayeuza shilingi za Kenya?

Sisi tukabaki chini ya bati lako. Mchana huwezi kukaa ndani, unatoka jasho mpaka kope. Usiku joto lote linapaa na baridi inatushukia. Alfajiri bati linatoa maji, yanadondoka kwenye blanketi la mama yako. Mvua ikija hatusikilizani, Robi ananipigia kelele sikioni kuuliza chumvi iko wapi. Na mama yako kifua kikaanza. Alikohoa mpaka akawa anashika ukuta. Mganga wa zahanati alimpa dawa, akaniambia, "Dawa hizi hazitafanya kazi akiendelea kulala kwenye baridi na unyevu." Nilimtazama mama yule, aliyenipokea nikiwa msichana, nikaogopa kwamba masika hayatamkuta. Hofu hiyo nimeibeba peke yangu, wewe ukinunua miwani.

Sikukaa kulia. Nilishona viroba vya mahindi nikavitundika juu, panya wakahamia humo na familia zao. Nikaenda Tarime kwa Fundi Shabani, yule mwenye karakana karibu na soko. Akanionyesha jipsamu ya dari, nyeupe, nzuri, ungeipenda wewe kwa sababu inapendeza machoni. Nikamuuliza ikilowana inakuwaje. Akasema inaanguka. Nikamwambia bati letu linavuja kila msumari, kwa sababu mwenye nyumba alibania hata raba za misumari. Akacheka, nami nikacheka, tukakucheka vizuri. Nikachagua plaiwudi, na juu yake ile karatasi nzito inayong'aa ya kuzuia joto. Lakini nilikuwa naponda mawe ya mabaki ya mgodi ili nipate chenga za dhahabu, na kwa kuponda mawe ningeishia kununua misumari tu.

Ndipo baba yako mdogo akaja na ujumbe wako.

Alifika jua la utosi, amevaa koti na kofia, fimbo mkononi. Mama yako hakumkaribisha kivulini. Alimkaribisha ndani, chumba cha mbele, akaniambia nifunge mlango, nilete uji wa moto. Baba mdogo akaanza: kijana anataka kuoa, ng'ombe wa Boke wapo. Akavua kofia. Akasema mahari ya dada ndiyo humwozesha kaka, ndivyo ilivyo kwetu. Akavua koti. Mama yako akamwambia, "Kunywa uji, shemeji." Akanywa, jasho likamdondokea bakulini.

"Ng'ombe wa Boke ni wa nyumba yangu," mama yako akasema, akikohoa kati ya maneno. "Nilimzaa mimi. Mura huyu, kijana wangu, nilishamwozesha, mke wake ni huyu anayekumiminia uji. Nataka kulala pakavu kabla sijafa. Nani atanikatalia?"

Baba mdogo akatazama bati. "Fungueni mlango," akasema. Alipofika nje na kupata pumzi, akatamka neno moja, "Uzeni." Na fahali mkubwa alimswaga yeye mwenyewe mpaka mnadani.

Kwa hiyo usiwaulizie tena ng'ombe, Baba Robi. Wako juu ya vichwa vyetu, wamepigiliwa misumari yenye raba. Fundi Shabani alivunja kuta zako za vibanda, sasa Robi ananyoosha miguu. Chumba cha mbele tu, chenye ukuta wa njano, nimekataa kisiguswe. Hakina dari na hakitawekwa. Ukichokwa huko Sirari ukarudi, utalala humo na koti lako, uwasubiri wathamini.

Ningekuambia mama yako anakusalimu, lakini sitaki kumwamsha. Mvua kubwa inanyesha tangu mchana, naye amelala tu, hata kukohoa hakohoi.

Mimi mkeo uliyemwacha juani,
Mama Robi