Waraka Uliokaa Mfukoni

Nairobi,
4 Novemba 1961

Kwa Mama yangu mpenzi, Bi Hafswa binti Mahfudh,
Timbwani, Likoni.

Shikamoo Mama. Baada ya salamu zilizojaa heshima, natumai barua hii itakukuta katika afya njema, wewe pamoja na jirani yetu Bi Kuluthum. Mimi ni mzima, na kazi ya idarani inaniendea vyema. Tangu nirejee kutoka Makerere na shahada yangu, wakubwa wameanza kunitazama kwa jicho jingine. Inasemekana kwamba nafasi za Waingereza wanaojiandaa kuondoka zitagawiwa vijana waliosoma, na mwanao anakusudia kuwa miongoni mwa wa mwanzo.

Mama, nina ombi, nalo nalitanguliza kwa unyenyekevu. Barua zako unazoniandikia kwa herufi za Kiarabu hupita mikononi mwa karani wa masjala. Juzi aliinua moja mbele ya ofisi nzima, akasema, "Bwana Aqil, hirizi yako imefika kutoka pwani." Walicheka, nami nikacheka nao, lakini sikupendezwa. Kwa hiyo, kuanzia sasa, tafadhali umwendee Mwalimu Matano akuandikie kwa herufi za Kizungu. Mwandiko wake ni safi na yeye ni mtu mwaminifu.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Aqil

*

Likoni,
27 Novemba 1961

Mwanangu Aqil,

Marahaba, tena marahaba. Aliyeshika kalamu ni Mwalimu Matano, nami nimeketi nyuma ya pazia namwambia la kuandika. Anataka niseme polepole, ati mkono wake si gari moshi.

Bi Kuluthum hajambo, anakusalimu, anauliza Nairobi hakuna wanawali. Mimi ni mzima, ila si sana. Udhu haunikai siku hizi. Nilikwenda maulidi kwa Bi Kuluthum, sikuweza kuketi mpaka mwisho, nikarudi nyumbani watu wakinitazama. Usiku huamka mara nne, mara tano. Mwalimu ananiuliza, "Ni miguu, Bi Hafswa?" Nimemwambia naam, andika ni miguu.

Mengine nitakwambia ukija. Utakuja lini?

Mimi mamako,
Hafswa
(kwa mkono wa M. Matano)

*

Nairobi,
15 Desemba 1961

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea, na nimefurahi kuiona imeandikwa vizuri. Nimeyazingatia kwa makini uliyoyaeleza kuhusu miguu na usingizi. Kwa maoni yangu hakuna jambo la kutisha, ila umri na baridi ya sakafu. Jikande miguu kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Ama kuhusu kuamka usiku, dawa yake ni nyepesi: punguza maji ya kunywa kuanzia adhuhuri, na ikibidi usinywe kabisa baada ya alasiri. Kisichoingia hakitatoka, na udhu wako utakaa.

Nimeitwa mbele ya baraza la kuchagua maofisa tarehe 22 Januari. Tafadhali niombee, na ukiweza niandikie dua niwe nayo siku hiyo. Kuja pwani kwa sasa hakutawezekana, maana ninajitayarisha.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Aqil

*

Likoni,
3 Januari 1962

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mwanangu, ulinikataza kuandika kwa mkono wangu, na leo nimelivunja agizo lako. Mwalimu Matano nimemtaka aandike anwani tu, juu ya bahasha. Ya ndani hayajui, wala haifai ayajue. Ni mwanamume, tena humsalimu kila mtu njiani.

Si miguu, Aqil. Ni mkojo. Nikienda msalani naungua kama niliyemwagiwa maji ya pilipili. Hutoka matone mawili matatu, nikainuka, na kabla sijafika mlangoni nataka kurudi. Umekuwa na ukungu kama maji ya mchele, na una harufu ambayo sikuijua katika umri wangu wote. Hapa chini ya kitovu pananikaza. Nalifuata neno lako, nikaacha maji. Tangu adhuhuri hadi isha situmii hata kata moja, na udhu hunikaa kidogo kweli. Lakini kuungua kumezidi, mwanangu, kumezidi sana.

Bi Kuluthum nalimgusia kidogo tu. Akaninong'oneza kuwa mwanamke anayeungua hivyo huwa na gonjwa la zinaa, na hospitali watamuuliza amelitoa wapi. Wallahi, babako ana miaka tisa kaburini. Nitakwenda vipi kuvuka feri, nikasimame mbele ya madaktari wanaume, niulizwe hivyo, na umri huu?

Wewe umesoma. Niambie ni nini, na niende wapi. Nitangoja jibu lako kabla sijafanya lolote. Usimwonyeshe mtu.

Mimi mamako,
Hafswa

*

Nairobi,
24 Januari 1962

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na pokea bishara njema. Juzi nilisimama mbele ya baraza la watu watano, Wazungu watatu na Waafrika wawili, nikajibu maswali yote bila kusita. Mwenyekiti alinishika mkono wakati wa kutoka.

Dua yako ilinifikia tarehe 10. Nilipoifungua na kuona Bismillahi juu yake, na ukurasa mzima wa mwandiko wako, moyo wangu ulitulia. Kwa kweli sikujaribu kuisoma, maana herufi zile zisipotiwa irabu hunichukua muda, na dua haina lazima ya kufahamika ndipo ifae. Niliikunja nikaitia mfuko wa koti, upande wa moyo, na huko ndiko ilikokuwa muda wote wa maswali. Bado ninatembea nayo.

Nimeambiwa nitaitwa mara ya pili. Miguu yako sasa inaendeleaje? Nadhani lile shauri la maji limekufaa.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Aqil

*

Likoni,
29 Januari 1962

Aqil,

Mamako anasema niandike neno moja: ule waraka wa mkono wake, uliusoma?

Hayo ndiyo yake. Haya ni yangu mimi Matano, naye hajui kuwa nayaongeza. Barua yako ya tarehe 24 nilimsomea leo asubuhi. Nilipofika pale pa mfuko wa koti alisema kutoka nyuma ya pazia, "Rudia hapo." Nikarudia. Kisha akaniambia nishike kalamu.

Tangu jana ana homa ya kutetemesha kitanda. Anajishika kiunoni, upande wa nyuma, na alichokula amekitapika. Bi Kuluthum anasema ni malaria. Mimi si mganga, lakini sipendi ninavyomwona. Hataki kuvuka kwenda hospitali. Kila nikimwambia, jibu lake ni moja: anakungoja wewe.

M. Matano

*

Nairobi,
31 Januari 1962

Mama,

Shikamoo. Barua hii naiandika kwa herufi ulizonifundisha mwenyewe, ili asiisome mtu baina yangu na wewe. Utaniwia radhi kwa mwandiko. Simu ya maandishi niliyompelekea Mwalimu inasema tu kwamba upelekwe hospitali mara moja. Mengine hayafai kwenye simu. Kahindi wa Frere Town, mwenzangu wa ofisini, anasafiri kwa gari moshi la leo, naye atakutia barua hii mkononi kesho asubuhi.

Nimeusoma waraka wako. Ulikaa mfukoni mwangu siku ishirini na moja. Nimeusoma neno kwa neno, na palipokuwa na neno nisilolijua nilikaa nalo mpaka likafunguka. Sina la kujitetea. Nilikufanya useme ya mwilini mwako mbele ya mtu wa kando, na uliponiandikia mwenyewe, nikaivaa barua yako badala ya kuisoma.

Nimekwenda kwa Daktari Hadi, niliyekuwa naye Makerere, nikamweleza bila kutaja jina. Hakusita. Ni vijidudu vilivyoingia katika njia ya mkojo. Si zinaa, Mama. Huwapata watoto wa kike, huwapata maharusi, na huwapata sana wanawake wa umri wako, hata mjane asiyetoka nyumbani. Mwambie Bi Kuluthum hivyo, kwa maneno haya haya. Kuungua, matone, ukungu na harufu ndizo alama zake. Na ukiona homa, mtetemeko, kutapika na maumivu ya kiunoni, ujue vijidudu vimepanda kwenye figo, na hapo hakuna tena kungoja. Alisema ningemweleza wiki tatu zilizopita, vidonge vingetosha. Sasa ni hospitali, leo hii, na hapana kesho.

Shauri langu la maji lilikuwa baya. Maji yanayopita ndiyo yanayoviosha vijidudu, nami nikakwambia uyafunge. Usijizuie tena, si maji wala haja. Kama udhu haukai, tawadha kwa kila sala, usali hivyo hivyo. Dini ina ruhusa kwa mgonjwa, na hilo ulinifundisha wewe. Ramadhani ikiingia wiki ijayo, usifunge. Utalipa ukipona.

Uliza muuguzi wa kike, nao wapo. Atakupa chupa utie mkojo ili uchunguzwe. Usione haya, mkojo ule ndio utakaowaambia ni dawa gani. Ukipewa vidonge vya salfa, kila kimoja kiteremshe kwa maji mengi, na uvimalize vyote hata ukijiona mzima.

Ruhusa yangu inaanza Ijumaa. Ijumaa hiyo hiyo baraza limeniita mara ya pili. Nimewaandikia kwamba sitafika.

Mwanao,
Aqil

*

Likoni,
12 Machi 1962

Mwanangu Aqil,

Marahaba. Gari moshi lilikufikisha salama? Tangu uondoke, nyumba imekuwa kubwa. Tumesali Idi vizuri, na Bi Kuluthum ameleta sahani ya kaimati ya kuomba radhi, ingawa alipoiweka alisema ni ya Idi tu.

Jana nalivuka feri kwenda kuonyesha mkojo mara ya mwisho. Yule muuguzi Nyamvula aliinyanyua chupa penye dirisha, akasema, "Bibi, nyuma ya huu gazeti lingesomeka." Nalicheka hadi buibui likaniteleza. Vidonge nilivimaliza vyote, hata vile vya mwisho ambavyo ulinihesabia kabla hujaenda, kana kwamba mimi ni mtoto. Mtungi wa maji nimeuhamishia chumbani. Siku za kufunga ninazodaiwa nitaanza kuzilipa Shawali ikisha, daktari akiridhia.

Ile nafasi uliyoikosa isikuumize. Mwalimu Matano anasema zitakuja nyingine, bendera yenyewe bado haijapanda.

Mwandiko wako ni mbaya sana. Herufi zako za kafu zimelala kama walevi, na nukta umezimwaga popote. Lakini naliusoma wote, kitandani kule hospitali, mara tatu. Niandikie vivyo hivyo, utanyooka.

Ulitaka nikwambie kila kitu, nami nakwambia: leo nimekwenda msalani mara sita, mkojo umetoka kwa wingi, mweupe, na haukuniuma hata kidogo.

Yule karani wa masjala akiuliza tena kama hii ni hirizi, msomee.

Mimi mamako,
Hafswa
(kwa mkono wangu)