Jicho Lililotiwa Dawa Bure

Dadangu Nafula, sasa? Huku Kangemi baridi ni ya sweta mbili, na chai ya binamu yetu Wekesa ni maji yaliyoonyeshwa maziwa kwa mbali.

Leo nimemwona daktari wa macho. Hakunigusa kwanza. Aliomba kitambulisho changu, akakiweka kando ya uso wangu, akatazama ile picha ya zamani kisha mimi, kama askari wa geti. Akauliza, "Mama, umekuwa ukitia dawa jicho gani?" Nikasema la kulia, ndilo limekuwa dogo. Akasema, "Hilo ni zima. La kushoto ndilo linasukumwa nje."

Miezi minane, Nafula. Yule mwenye duka la dawa alinitilia matone jicho zima, kikundi chetu cha maombi kikaliwekea mikono jicho zima, na lile gonjwa mkalisifu kwamba linang'aa.

Picha ya skani imeonyesha donge la mafuta nyuma ya hilo la kushoto, kitu cha nadra. Mimi mnayeniita kijiti, mafuta yangu yameamua kukaa huko. Wamekata kipande wakapeleka maabara, kwa sababu kuna mafuta ya kawaida na kuna ya saratani, na skani peke yake haiwezi kuapa. Majibu ni Ijumaa.

Nimekumiss, wewe na uji wako. Waambie wanakikundi waniombee tena, ila safari hii ni kushoto. Kushoto kwangu, si kwao.