Firigisi ya Kanisius

Jumatano, mwezi wa tatu. Mvua imeanza alfajiri, na hasira yangu imeanza nayo. Naandika haya kwenye duka la intaneti hapa Mbinga mjini, na binti mwenye duka ameshaniomba mara mbili nisizitwange herufi zake kama kisamvu.

Nianze na mwenyekiti wetu wa baraza la kata, ambalo nami ni mjumbe wake.

Tuna kesi ya shamba moja la mteremkoni, linaloshukia kijito. Mama Redemta, mjane, analilima tangu mumewe angali hai. Shemeji yake, Kanisius, hakuwahi kulitamani hata siku moja. Lakini tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waruhusiwe kuingia huku, mmoja wao anatafuta mahali penye maji aweke mashine ya kumenya kahawa. Ghafla Kanisius kakumbuka kwamba shamba lile amelilima yeye miaka yote, na mjane aliazimwa tu msimu huu.

Mwenyekiti ni baba wa ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Kanisius. Nilikuwepo kanisani Kigonsera siku ile, nikapiga na vigelegele. Alipaswa kulisema hilo siku ya kwanza na kukaa pembeni. Hakusema. Ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere, na ngedere mwenyewe katulia kitini anapiga miayo.

Nami nilijua, nikanyamaza.

Wiki iliyopita tulikwenda kukagua shamba. Kanisius akatudaka njiani, eti wazee hawaendi shambani na njaa. Ugali umeshaiva, kuku yuko mezani. Mtu mzima na akili zangu, mwalimu mstaafu niliyewafundisha uraia watoto wa kata nzima, nikaketi. Kanisius akaniwekea firigisi mbele ya wanaume wote. "Mwalimu, leo wewe ndiye mzee wetu." Kwetu firigisi hapewi mwanamke. Nilifurahi. Hilo linaniuma kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Tulipotoka pale matumbo yamejaa na njia inateleza. Mwenyekiti akasimama barabarani, akanyoosha fimbo bondeni. "Si lile pale? Tumeliona." Mama Redemta alikuwa anatusubiri kule chini na ndoo ya maji ya kunywa. Hakuna aliyeshuka. Muhtasari ukaandikwa kwamba wajumbe wamekagua shamba, nami nikatia sahihi.

Leo asubuhi nimeshuka peke yangu. Nimeanguka, nimechafuka, sijali. Mama Redemta alikuwa anachimba ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni, ajiandae kupanda maharage. Huku kila mtu anajua kazi hiyo inavyogawanywa: mwanaume hufyeka nyasi na kuzilaza, mwanamke huchimba na kuzifukia. Kama Kanisius amelima hapa miaka yote, nani alimchimbia? Mkewe ana duka Kitai, na hujisifu kwamba tangu aolewe hajashika jembe. Swali lilikuwa hilo moja tu. Mtu angeshuka, angeliuliza.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema bila kuacha jembe. "Mngeshuka tu siku ile. Hata maji yangu mliyakataa."

Uamuzi unasomwa kesho, na mwenyekiti ameshautembeza kwa wajumbe: shamba ni la Kanisius. Mjane huyu hana lingine.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Nikamwambia ajitoe, na kwamba asipojitoa nitasema. Akacheka, mzee yule asiye na haya.

"Sema, mama. Ukishataja nani alikula wapi, utaje na wewe ulipewa nini."

Nimerudi barabarani, nikapanda gari la kuja mjini ili mradi nisikae nyumbani na fedheha yangu. Namchukia kwa uongo wake. Namchukia zaidi kwa kuwa amenijua vizuri. Anaamini mwalimu mzima hatakubali kuchekwa na wanafunzi wake wa zamani kwa ajili ya kipande cha kuku, na hadi leo mchana alikuwa sahihi.

Kesho nitasimama kabla hajafungua jalada. Nitaanza na firigisi: ilikuwa ya nani, nani alinipa, na jinsi nilivyoitafuna taratibu nikijiona mkubwa. Wacheke mpaka wachoke. Wakimaliza, nitawaomba watu wote tushuke shambani.