Mwimbaji wa Mwisho kwenye Kanda

Diani, 9 Agosti 1998

Dada Kahaso,

Shikamoo. Sisi wazima, mbuzi wa mama amezaa pacha.

Nafurahi nakala ya kanda yangu imekupendeza huko Taru. Waimbaji hao wa gitaa tupu hawapigwi redioni, basi wasikilize polepole, watakuingia. Umeuliza yule wa mwisho, aliyekuliza, ni nani. Ni baba. Nilimrekodi uani.

Wenzangu wa shule niliwaambia ni mtu wa Nairobi, maana niliona haya kusema ni mlinzi wa hoteli. Majuzi walikuwa wakimsikiliza kwetu, baba akaingia na sare yake. Wakamwuliza, "Mzee, huyu mwimbaji wa Nairobi unamjua?"

Akanitazama. "Hapana, wanangu. Lakini anajitahidi."

Tangu siku hiyo gitaa halijashuka ukutani, nami sijathubutu kumwomba radhi.

Mdogo wako,
Dzombo