Mmea Uliotoka Koponi

Bunia, Jumanne. Miaka ishirini na moja tangu nitoke kwetu Djugu.

Mmea wangu wa jangwani, ambao kwa mwaka hauongezeki hata upana wa kidole, nimeulea koponi muda wote huo ili siku ya kurudi niubebe. Leo nimekuta kutu imeziba matundu ya kopo, maji yametuama na mzizi mmoja umeoza.

"Muzee, panda yee mu udongo," alisema Mama Kavira, mwenye nyumba. "Ao weye iko nangoya motoka?"

Nilicheka; gari gani la kunirudisha Djugu? Akanipa kona kavu ya ua, chini ya paa, akanipondea matofali ya kuchanganya na udongo. Namshukuru Mungu kwa mama huyu.

Mmea huu ukishashika ardhi hauhamishiki. Nilichimba nikilijua hilo. Sitarudi Djugu.